Asiye Mtumishi Hapandi

Kazi yangu ya kwanza bomani ilikuwa baiskeli. Asubuhi watumishi waliingia getini wakishuka, nami nilizipokea na kuzipanga chini ya mikaratusi, usukani mmoja ukitazama huku na mwingine kule ili zisikamatane. Za kilimo zilikaa upande mmoja, za elimu upande mwingine, na za mahakama karibu na ukuta, kwa sababu makarani wa mahakama hawakupenda kuchanganywa na watu. Niliipenda kazi ile. Baiskeli haikuulizi habari za nyumbani. Tangu shuleni nilikuwa mtu wa aibu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu nililijua, lakini lilikwama kooni mpaka mwenzangu akalisema na kupigiwa makofi.

Boma la Tarime lilikuwa na idara zote za wilaya, na watu wake walikuwa wengi kuliko nyumba za serikali. Wachache walikaa mjini na Nkende pembezoni mwa mji, lakini wengi walitoka katika vile vijiji vipya vilivyopangwa kando ya barabara wakati watu walipohamishwa. Mafuta yalikuwa adimu. Magari ya idara yalikaa yamepangwa uwanjani kama ng'ombe wagonjwa, hili halina tairi, hili halina betri, na yale machache yaliyotembea yaligombewa. Ndipo ikaamuliwa kwamba lori moja la serikali lizunguke vijijini kila alfajiri kuwachukua watumishi, na jioni baada ya kazi liwarudishe.

Aliyesimamia mambo hayo alikuwa mtu mfupi kutoka mkoa wa mbali, shati lake jeupe sikuzote. Tulimwita Bwana Usafiri. Alipofika aliagiza mawe yapakwe chokaa na kupangwa uwanjani, kila gari likawa na mahali pake pa kuegesha. Kivuli kilikuwa kimoja tu kizuri, cha mjakaranda mkubwa, na wakuu wa idara wote walikitaka. Bwana Usafiri akalipatia lori kivuli hicho.

"Lori ni la wote," alisema. "Kivuli kiende kwa wote."

Wakubwa walinuna, lakini nani angebisha? Ilikuwa siasa yenyewe. Watu walimwogopa kidogo, wakamheshimu. Aliita kila mtu Ndugu, kuanzia mkuu wa kilimo mpaka mimi.

Sasa, utingo wa lori lile alisikia habari za dhahabu upande wa Genkuru, akaenda kufukua, hakurudi. Siku hizo hizo mpiga chapa mmoja wa kike alianguka akipanda lori, akavunjika kifundo cha mkono. Bwana Usafiri aliniita nikiwa nafuta tandiko la baiskeli ya hakimu.

"Ndugu, umepanda cheo."

"Mimi, mzee?"

"Kuanzia kesho wewe ni utingo. Utasimama nyuma ya lori, kwenye mlango wa bodi. Kila mtumishi anayepanda, umpe mkono umvute. Anayeshuka, umpe mkono umshushe. Wote. Sitaki mtu mwingine avunjike. Na asiye mtumishi hapandi. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilitaka kusema kwamba baiskeli zinanitosha, lakini maneno yalifanya kama siku zote. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Yeye akaona ni furaha imenizidi.

Dereva alikuwa mzee wa Kijaluo mwenye mdomo usiotulia. "Omera, ndugu yangu," aliniambia siku ya kwanza, "utawashika mikono wake za watu wote wa wilaya hii, tena kwa amri ya serikali. Mimi mwenzako nimepewa usukani tu." Nilicheka kidogo. Nilizoea. Ukimvuta mtu huhitaji kumwambia neno. Unatazama mkono tu, unavuta, unatazama mkono unaofuata.

Kwetu ni Kenyamonta, ng'ambo ya Mto Mara. Mke wangu ni wa upande huu wa Tarime, kutoka kijiji kimojawapo kati ya vile ambavyo lori lilipita. Lugha zetu zinasikilizana, na kuna jambo ambalo kwao na kwetu ni moja: mtu na mama wa mke wake hawasogeleani. Hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani usoni, hawakai chini ya paa moja. Akimwona njiani, hupisha majanini mpaka apite. Si chuki. Ni heshima, na kadiri unavyompenda mkweo ndivyo unavyokaa mbali naye.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Nkende, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alikuwa amebaki kijijini peke yake, na mke wangu alimkumbuka mpaka anaacha kula. Mama hakuweza kuja kwetu, angekaa wapi katika chumba ninacholala mimi? Na yeye mke wangu, kwa hali yake, asingeweza kwenda na kurudi kwa miguu. Ilikuwa safari ya nusu siku.

Basi siku moja alinijia anakimbia kutoka sokoni, mkono tumboni. "Mama amepata kazi! Ya kufagia, huko huko bomani. Nitamwona kila siku mchana!"

Nilifurahi naye. Nilifurahi mpaka nilipolala na kukumbuka mlango wa bodi.

Asubuhi ya kwanza tulipofika kijiji kile, niliona kundi la watumishi kando ya barabara, na nyuma yao mwanamke mrefu mwenye ufagio mpya. Nilimtambua kwa mabega. Naye alinitambua, maana aligeuka mara moja akasimama anatazama ua wa mikonge. Wengine walipanda, nikawavuta. Akabaki yeye. Mimi sikuweza kumtazama, yeye hakuweza kusogea. Dereva akapiga honi.

"Mura, kijana, vipi huko nyuma? Kuna ng'ombe?"

Niliruka chini, nikazunguka lori nikajificha upande wa pili karibu na gurudumu. Wanawake waliokuwa juu wakaelewa, wakamvuta wenyewe. Nikapanda kwenye kikanyagio cha mlango wa dereva, nikasafiri nimening'inia mpaka bomani.

"Kumbe ni mkweo!" dereva alisema, akacheka mpaka usukani ukayumba. "Sasa, omera, utafanyaje kesho? Na keshokutwa?"

Bwana Usafiri alinikuta nikishuka kwenye kile kikanyagio. Akapiga marufuku papo hapo. Mahali pangu ni mlango wa bodi, si penginepo. Nilikusanya nguvu zote nikamwambia.

"Mzee, kuna mama mmoja. Ni mkwe wangu."

"Vizuri. Hongera."

"Siwezi kumpa mkono, mzee."

"Kwa nini? Ana ugonjwa?"

"Ni mkwe."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa. "Ndugu yangu, hayo tumeyaacha. Sasa hakuna mkwe, hakuna mtemi, hakuna mtwana. Ofisini wote ni ndugu. Mpe mkono ndugu yako." Akaenda zake kukagua mawe.

Wanawake wa lori ndio walioniokoa. Kiongozi wao alikuwa yule mpiga chapa aliyevunjika mkono, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi. Yeye na mwenzake walishika kanga, huyu pembe hii na huyu pembe ile, wakaitandaza kama ukuta. Nyuma ya kanga mama mkwe alipanda, akavutwa na wengine, akakaa kwenye pembe ya mbele kabisa. Mbele ya kanga nilisimama mimi, natazama maua ya kitambaa. Akishakaa, kanga ilishushwa, nami niligeukia nyuma, natazama vumbi. Jioni hivyo hivyo.

"Leo pazia limechelewa!" wanaume walitania.

"Nyamaza wewe, usiye na mkwe," mpiga chapa aliwajibu. "Ungekuwa naye ungejificha hata kwenye debe."

Mambo yakaenda. Mchana mama na binti yake walikutana nyuma ya soko, wakala mihogo pamoja. Mke wangu alinenepa. Aliporudi nyumbani alinipa salamu ambazo hazikuwa za kwangu waziwazi: "Mama anasema lori linaruka sana pale kwenye daraja." Nami nilimwambia dereva, dereva akapunguza mwendo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, mimi na mkwe wangu, na yalinitosha. Lakini kila alfajiri tulipokaribia kijiji kile, niliitafuta kanga kwa macho. Nilifikiri: upepo ukiipeperusha kanga? Mmoja wao akiugua? Nilikuwa kama mtu aliyekaa juu ya ukuta mwembamba, akishuka huku ni aibu, akishuka kule ni njaa.

Ilikuja mvua, ukaja na msako wa magendo. Mpaka uko pale Sirari, na sabuni kwetu ilikuwa imekwisha madukani. Katika gari moja la idara lilikamatwa gunia la sabuni kutoka ng'ambo ya mpaka. Bwana Usafiri aliona haya kana kwamba gunia lilikuwa lake. Asubuhi iliyofuata alisimama getini na askari wawili, akalifuata lori mpaka kivulini. Na wakati huo huo wanawake walisimama juu ya bodi na kutandaza kanga ili mama mkwe ashuke.

"Simama!" Bwana Usafiri alisema. "Mnaficha nini hapo?"

"Tunaficha mtu," mpiga chapa akajibu.

"Mtu? Mtu anafichwa kwa nini?"

"Si kwamba usimwone wewe, Bwana. Tunamficha asionwe na huyu." Akanielekezea kidevu. Watu wakacheka, na kicheko kile kilimharibia moyo. Madirishani makarani walikuwa wamejaa.

"Wewe, shusha hiyo kanga."

Nilisikia. Nilitazama viatu vyangu.

"Ndugu, nasema na wewe. Shusha kanga, tuone kilicho nyuma, kisha mshushe huyo mama kwa mkono kama nilivyoagiza."

Nyuma yangu kulikuwa na mlango wa bodi na askari wamesimama chini yake. Kulia na kushoto watu. Mbele, kitambaa. Nilitaka kusema, na sasa ndipo ningesema, hata neno moja. Sikusema. Bwana Usafiri akapanda mwenyewe, shati lake jeupe likaguswa na matope ya tairi, akaivuta kanga kwa mkono wake.

Mimi nilifumba macho na kujifunika uso kwa mikono miwili, lakini kabla ya kufumba nilimwona, naye aliniona. Tulikuwa karibu kiasi cha mtu na kikombe chake. Alikuwa na ufagio, na kifuko chenye mihogo ya kuchemsha. Hakukuwa na sabuni.

Hakuna aliyecheka tena. Niliwasikia wakimpisha. Alijifunika kichwa, akaketi ukingoni mwa bodi, akateleza chini mwenyewe. Mpiga chapa aliniambia baadaye kwamba alichubuka mguu. Ufagio aliuegemeza kwenye mojawapo ya yale mawe meupe, akatoka getini, akashika barabara ya kwao katika mvua.

Bwana Usafiri aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa muda mrefu anafuta tope kwenye shati.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mzee."

"Uliniambia nini?"

"Nilikuambia mkwe."

Akaliacha shati. Kisha akasema mama arudi, atakaa mbele na dereva, hatashikwa na mtu. Lilikuwa jambo jema, na lingeweza kusemwa mapema. Lakini nani alipeleke? Mimi siwezi kuzungumza naye. Dereva ndiye aliyelipeleka, akarudi na jibu.

"Anasema mkubwa ashukuriwe," dereva alinieleza, na siku hiyo hakutania. "Lakini mmetazamana mbele ya watu. Hawezi tena kupanda gari ambalo wewe umo, hata akae mbele, hata akae juu ya kichwa changu. Anasema yule mtoto, yaani wewe, akishuka, yeye atapanda. Asiposhuka, hana neno, atalima."

Nilirudi kwa Bwana Usafiri kuomba baiskeli zangu. Nilisema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia. Alisikiliza, akanionyesha dirishani kijana mwingine aliyekuwa anazipanga chini ya mikaratusi, anapiga mluzi.

"Baiskeli zina mtu. Nina nafasi ya utingo, basi. Kama huitaki, kuna jembe."

Jembe maana yake ilikuwa kijijini. Kijana asiye na kazi hakuachwa mjini siku zile. Angekamatwa na kurudishwa kwao, na kwetu ni ng'ambo ya mto, mbali zaidi na mama yule kuliko Nkende. Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua mchicha.

"Ukiacha, tutakwenda Kenyamonta," alisema.

"Ndiyo."

"Usipoacha, mama haji."

"Ndiyo."

Alichambua mpaka mchicha ukaisha. "Basi baki," alisema. "Lakini nitamwona wapi?"

Nilichukua mchicha nikaenda kuuosha.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Mama mkwe alipata habari kwa kinywa cha dereva, kando ya barabara, injini ikinguruma. Akatuma kibuyu cha maziwa ya mgando. Mke wangu alikunywa huku analia. Miezi michache ilipopita, mtoto akakaza shingo, mke wangu akaanza kuniuliza.

"Alfajiri lori linakwenda tupu, sivyo?"

"Tupu."

"Nipande basi. Nishuke kwa mama, jioni nirudi."

"Asiye mtumishi hapandi."

"Hata likiwa tupu?"

"Hata likiwa tupu. Askari wa getini anatazama. Na jioni vilevile linarudi tupu, getini wanatazama vilevile."

"Mume wangu ndiye mwenye mlango wa lori," alisema, kwa sauti ya kujisemea, "na ni mimi peke yangu nisiyeweza kupita."

Hakuniuliza tena. Kumbe alikuwa amemtuma mtu wa kijijini kwao aliyekuja sokoni ampelekee mama yake neno, kwamba siku fulani atakuja kwa miguu.

Siku hiyo tulitoka bomani baada ya kazi kama kawaida, lori limejaa. Tulipoanza kupanda mlima, nikiwa nimegeukia nyuma kwenye mlango wa bodi, tulimpita mwanamke aliyetembea ukingoni, mtoto mgongoni, viatu mkononi. Vumbi letu lilimfunika. Lilipotulia niliona ni mke wangu.

Niligonga bodi. Dereva akasimama katikati ya mlima, jambo ambalo hakulipenda, maana breki zilikuwa za kuombea. Watu wakauliza kuna nini. Mke wangu akatufikia taratibu, akasimama chini yangu. Alikuwa ametoka tangu mapema na midomo yake ilikuwa imekauka.

"Endeni," alisema. "Mimi si mtumishi."

Sikujua nifanye nini na mkono wangu. Ulikuwa umenyooka tayari, kwa mazoea. Watu wote juu ya bodi walijua amri, na wote walijua kwamba katika lori lolote kuna mtu wa kupeleka habari.

"Mtoto je?" mpiga chapa aliuliza kutoka ndani. "Ni mtumishi?"

"Wa mama yake," dereva akajibu, kichwa nje ya dirisha. "Zamu ya usiku."

"Sikilizeni," mpiga chapa alisema, akijipenyeza mpaka mlangoni. "Kila mtumishi anaruhusiwa kifurushi kimoja. Mimi leo sina kitu. Nileteeni hicho kifurushi changu!"

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho mke wangu akafungua mbeleko. Alinyonyesha kidogo pale pale, amesimama, wote wakitazama pembeni. Kisha akanipa mtoto, nami nikampandisha kwa wanawake. Alipita mikono mingi mpaka akafika kwenye mapaja ya mpiga chapa.

"Nitawafikia," mke wangu alisema. "Hapa na pale si mbali sana sasa."

Nilitaka kushuka nitembee naye. Nani angewashusha watu? Nikagonga bodi.

Pale kijijini mama mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara, akimngoja binti yake. Niliyaona yale mabega kwa mbali, nikageuka kabla hatujafika, nikatazama bati la kibanda cha dereva. Lori likasimama. Nyuma yangu watu walikuwa wanashuka bila kushikwa mkono. Nilimsikia mpiga chapa akishuka, akihema.

"Huyu ni wa nani?" sauti ya mama mkwe iliuliza.

"Wako. Mama yake yuko njiani."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia, mkwe wangu akicheka. Alicheka taratibu, na mtoto akapiga kelele ndogo ya kumjibu.

"Mwambieni baba yake," alisema, nami niko pale pale, mgongo wangu kwake, "mtoto ni mzito."

Mpiga chapa akaniambia, kana kwamba nilikuwa Kenyamonta, "Unasikia? Mtoto ni mzito."

"Mwambie nimesikia," nilisema.

Dereva akaniita, nikagonga bodi, tukaondoka kuelekea kijiji kinachofuata. Niliendelea kutazama bati mpaka nilipokuwa na hakika kwamba tumepita kona. Nilipogeuka, barabara ilikuwa na vumbi tu, na mke wangu, kwa hesabu yangu, alikuwa bado anapanda mlima.